Kabla hujachagua Android au iPhone, jiulize apu yako itakuwaje ukiitelekeza miezi 8

Kila mtu akitaka kuanza kutengeneza apu za simu kwa kujifurahisha swali la kwanza ni lile lile, nianze na Android au nianze na iPhone, na majibu nayo ni yale yale miaka yote: Android ina watu wengi, karibu simu 7 kati ya 10 duniani, iPhone ina watu wanaolipa. Yote mawili ni kweli na yote mawili hayakuhusu. Hayo ni majibu ya mtu anayefungua biashara. Wewe hujafungua biashara, wewe una saa mbili za usiku mara moja moja, watoto wakishalala na kama kazi haijakumaliza, na unachotaka ni kakitu kako kadogo kafanye kazi kwenye simu yako na labda za ndugu wawili watatu basi.

Sasa mtu wa hobi ana tabia moja ambayo hakuna anayemwambia mwanzoni, nayo ni kwamba ataacha. Sio kuacha moja kwa moja, ataacha kwa muda. Wiki tatu za kwanza moto unawaka, unalala saa nane usiku, unaota vitufe, alafu maisha yanaingilia, project inakaa miezi 8 hujaigusa, siku moja unaikumbuka unafungua laptopu. Hapo ndo swali la platform (Android, iPhone au popote unapojengea apu) linapata maana, yani hiyo miezi 8 wewe ulikuwa umelala platform ilikuwa inakufanyia nini? Kuna platform ukirudi unakuta kitu chako kipo kama ulivyokiacha, kuna nyingine unakuta mwenye nyumba kabadilisha kitasa.

Mimi nimejifunza hili kwa kakitu kajinga kabisa, apu ya kuandika nani kaazima kitabu gani. Naazimisha sana vitabu na kumbukumbu yangu ni mbovu, nikatengeneza apu yenye skrini mbili, moja orodha na nyingine ya kuongeza jina, mwisho. Haijawahi kupata mtumiaji wa nne. Ila ndo imenifundisha karibu kila kitu ninachosema hapa, sababu nimeiandika mara tatu kwenye platform tofauti na mara zote nimeiacha.

Nianze na iPhone maana huko sheria ziko wazi zaidi, hata kama huzipendi. Kuandika ni bure, Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea apu, ni bure, na tangu 2015 unaweza kuweka apu yako kwenye simu yako mwenyewe bila kulipa kitu, unatumia akaunti ya Apple ya kawaida tu. Watu wengi wanaishia kusoma hapo wanafurahi. Kilichoandikwa chini yake ni kwamba apu iliyosainiwa kwa akaunti ya bure (kusaini ni kuipiga apu muhuri wa kidijitali unaoonyesha ni ya nani) inaishi siku 7. Siku ya 8 unaigusa haifunguki, mpaka uirudishe simu kwenye kompyuta uiweke upya, na kwa wakati mmoja huruhusiwi zaidi ya apu 3 za aina hiyo kwenye simu moja. Kwa mtu anayejifunza darasani siku 7 zinatosha. Kwa mtu anayetaka apu aitumie kweli, ni kama kupanga nyumba kwa wiki, kila Jumatatu unahamisha kitanda unarudisha.

Ukitaka kutoka kwenye hiyo adha unalipa dola 99 kwa mwaka. Na hapa watu wanapigia hesabu ukubwa wa hela, wanasema mbona sio nyingi, wengine wanasema ni nyingi, mimi naona tatizo sio 99, tatizo ni hilo neno kwa mwaka. Hobi haiendi kwa mwaka. Kuna mwaka utatengeneza apu nne na kuna mwaka hutagusa kitu, na mwaka ambao hujagusa kitu ukaona bora usilipe, apu zako zinatolewa kwenye App Store. Hazijaharibika, hazijavunja sheria yoyote, ni kodi tu imekatika (kodi ya pango, sio kodi ile ya kuandika programu, ingawa siku hizi naona zinakaribiana). Hata ukilipa, njia ya kuwapa marafiki wajaribu kupitia TestFlight nayo ina saa inayohesabu, kila toleo linakufa baada ya siku 90.

Alafu kuna suala la kompyuta. Xcode inafanya kazi kwenye Mac peke yake, hilo wengi wanalijua, wanatafuta Mac ya mkononi ya zamani wanaona wameshinda. Kinachowashtua ni mnyororo. Apple kila mwaka, mara nyingi mwezi wa 4, inapandisha toleo la chini la Xcode linalokubalika kupakia apu, mfano kuanzia 24 Aprili 2025 ilikuwa lazima Xcode 16. Xcode 16 nayo inataka macOS 14.5 (macOS ni mfumo unaoendesha Mac), na macOS 14 haikubali Mac nyingi za kabla ya 2018. Kwa hiyo unakuta mtu Mac yake nzima, betri nzima, inawaka, lakini kupakia marekebisho ya mstari mmoja hawezi. Na wenye Mac za zamani zenye chipu ya Intel wameshaambiwa kwamba macOS 26 ndo ya mwisho kwao. Mtu wa biashara ananunua nyingine anaandika kwenye matumizi, mtu wa hobi anaanza kueleza nyumbani kwa nini anahitaji kompyuta mpya ya kutengenezea apu ya kuazimisha vitabu.

Na Apple wakiamua kuvunja cha zamani hawana huruma, 2017 iOS 11 ilipotoka apu zote za biti 32, zile zilizojengwa kwa mtindo wa zamani, ziliacha kufunguka, ziwe nzuri ziwe mbaya, mwenye nayo akiwa amelala basi ndo imetoka.

Lakini nisiwaonee. Ukishakuwa ndani raha ipo, na ni raha ya kweli. Swift waliyoitoa 2014 ni lugha tamu ya kuandikia apu, SwiftUI ya 2019, zana yao ya kuchora skrini, inakufanya uone skrini inajijenga mbele yako wakati unaandika, na simu za kupima ni chache zinazofanana kwa hiyo ukiona kwako kitu kimekaa sawa, kwa mwenzako kitakaa sawa pia. Pia tangu mwisho wa 2021 apu yao ya Swift Playgrounds inakuwezesha kutengeneza apu kamili kwenye iPad na hata kuituma App Store bila kugusa Mac, kitu ambacho nashangaa hakisemwi sana. Kama hobi yako hasa ni kuchora skrini nzuri, kuona kitufe kinateleza vile ulivyotaka, mimi sitakuzuia, lipa 99 yako kwa amani.

Android sasa. Huku kuna kitu kimoja kikubwa kilichokuwa kinanifanya nimwambie kila mtu aanze huku, na hicho kitu ni faili la APK, faili moja lenye apu nzima ndani. Unaenda kwenye mipangilio ya simu, unagonga namba ya toleo mara 7, menyu ya madevelopa inafunguka, unachomeka waya, apu imeingia. Hakuna akaunti, hakuna malipo, hakuna siku 7. Ukiunda ufunguo wako wa kusainia, faili la siri linalopiga ule muhuri, Android Studio (programu ya kutengenezea apu za Android) yenyewe inakupendekezea udumu miaka 25. Miaka 25! Hobi yako haitafika huko. Unamtumia ndugu yako faili kwa meseji, anaruhusu, anaiweka, mmemaliza. Na zinadumu kweli, Android 14 ya 2023 ndo ilianza kukataa kuinstoli apu zilizolengwa matoleo ya chini ya Android 6, na Android 6 ni ya 2015. Yani ulale miaka nane ndo uanze kusumbuliwa. Play Store yenyewe ukiitaka ni dola 25 mara moja, hudaiwi tena.

Usidhani lakini ni pepo. Mimi mwenyewe nilijichoma. Apu ya vitabu nilimwekea kaka yangu toleo la majaribio, lile linalosainiwa na ufunguo ambao Android Studio inajitengenezea yenyewe kimya kimya kwenye kompyuta yako. Sikujua hata kama ufunguo huo upo. Nikabadilisha laptopu, nikahamisha msimbo wote vizuri kabisa, nikaongeza kisehemu cha kutafuta jina, nikamtumia kaka toleo jipya, simu yake ikakataa. Sababu laptopu mpya ilikuwa imejitengenezea ufunguo wake, na kwa simu hiyo ni apu ya mtu mwingine inayojifanya yangu. Dawa ilikuwa ni kufuta ya zamani kwanza, na kuifuta ni kufuta orodha yote. Kaka akaniambia vitabu vyake vyote vilivyoazimwa sasa vimekuwa zawadi. Kosa langu, hakuna wa kumlaumu, ila tangu siku hiyo faili la ufunguo nalihifadhi sehemu tatu na nashauri na wewe ufanye hivo kabla hata hujaandika skrini ya pili.

Jambo lingine la Android ni kurudi. APK iliyoko kwenye simu inakaa vizuri, sawa, lakini msimbo ulioko kwenye laptopu ukiufungua baada ya miezi 8 unakuta Android Studio imeapdeti, Gradle (zana inayoijenga apu) inataka toleo jipya, toleo jipya linataka Java mpya, maktaba mbili (vipande vya msimbo wa watu wengine unavyotumia) zimehama jina, na usiku wako wa kwanza wote unaisha kabla hujaandika mstari mmoja wa apu yenyewe. Nimeona watu wanakata tamaa hapo kabisa. Dawa yangu ni ndogo tu, siapdeti. Likitokea lile dirisha la kuniomba nipandishe toleo nalifunga, kama kilikuwa kinajenga miezi 8 iliyopita kitajenga leo, nitapandisha siku nikiwa na sababu. Na kompyuta iwe na RAM ya kutosha, GB 8 ni kwa kubembelezana, 16 ndo utafanya kazi bila kunung'unika, hasa ukiwasha simu ile ya kuigiza ndani ya kompyuta. Mimi siiwashi, natumia simu yenyewe.

Na simu zenyewe ni nyingi na kila kiwanda kina akili yake. Kama apu yako inatakiwa iamke yenyewe saa fulani ikukumbushe kitu, jiandae, kuna watengenezaji wa simu wanaua apu zinazokaa nyuma ili betri ionekane inadumu, kwako inakumbusha vizuri kwa jirani kimya. Utadhani ni kosa lako utatafuta usiku kucha, na msimbo hauna kosa lolote.

Play Store ndo sehemu ambayo Android imebadilika sana kwa mtu mdogo. Akaunti binafsi zilizofunguliwa kuanzia Novemba 2023 haziruhusiwi kuweka apu hadharani mpaka ipimwe kwanza na watu wako kwa siku 14 mfululizo, mwanzoni walitaka watu 20, Desemba 2024 wakashusha wakawa 12. Kumi na mbili inaonekana ndogo mpaka uanze kuwatafuta. Mtu wa hobi ana marafiki watano wenye Android wanaomvumilia, saba waliobaki anawatoa wapi? Matokeo yake kumezuka watu wa kupimiana, nipimie nikupimie, kila mtu anainstoli apu ya mwenzake haifungui, na sheria iliyowekwa ili apu ziwe bora inazalisha wapimaji hewa. Alafu ukishaingia sokoni jina lako la kwenye kitambulisho na nchi yako vinaonekana kwa kila mtu, ukianza kuingiza hela na anwani inaonekana. Na kila mwaka kuna tarehe, kawaida 31 Agosti, ambapo apu isiyolenga toleo la Android la karibuni haikubaliwi kuapdetiwa, na ikizidi kubaki nyuma inafichwa kwa wateja wapya wenye simu mpya. Kwa hiyo ile dola 25 ya mara moja ni ya mlangoni tu, ukaaji unaulipa kwa muda wako.

Mimi hilo halikunisumbua maana sikuwa na shida na soko, nilikuwa na APK yangu. Ndipo Agosti 2025 Google wakatangaza kwamba apu yoyote itakayowekwa kwenye simu ya Android yenye kibali chao, hata kama haijapita Play Store, itatakiwa iwe ya developa aliyejitambulisha kwao. Inaanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kwingine inafuata kuanzia 2027. F-Droid, ambao tangu 2010 wanasambaza apu huria bila kumuuliza mtu kitambulisho, walipinga waziwazi. Baada ya kelele, Novemba Google wakalegeza kidogo, wakasema kutakuwa na njia ya wanaojua wanachofanya ya kupitisha apu isiyotambuliwa baada ya maonyo, na akaunti maalumu ya wanafunzi na watu wa hobi kwa simu chache. Kuchomeka waya na kuingiza mwenyewe kwa ADB, zana ya kompyuta ya kusukuma apu kwenye simu, kunabaki vilevile.

Sababu waliyotoa ni utapeli, na utapeli wa APK upo kweli, watu wameibiwa kwa faili walilotumiwa kwenye meseji, siwezi kujifanya sijui. Lakini angalia kinachotokea kwa hoja yangu ya mwanzo. Sifa kubwa ya Android kwa mtu wa hobi ilikuwa kwamba hakuna anayehitaji kujua kama upo. Sasa unahitaji kujulikana, na ukishajulikana kuna akaunti, kwenye akaunti kuna masharti, na masharti ndo yale yanayobadilika wewe ukiwa umelala. Tofauti kati ya hizi nyumba mbili inapungua. Bado Android iko mbele, na kwa simu yako mwenyewe kwa waya hakuna kilichobadilika, ila yule kaka yangu wa kutumiwa faili kwa meseji ndo atakayepata shida kwanza.

Kuna watakaosema basi tumia Flutter au React Native, andika mara moja weka kote. Ni zana nzuri, Flutter naipenda hasa inavyoonyesha mabadiliko papo hapo, na kwa React Native unaweza kuona kazi yako kwenye iPhone bila Mac kwa kupitia apu ya Expo Go. Lakini hazikutoi mikononi mwa mwenye nyumba. Apu ya Flutter ya iPhone bado inajengwa kwenye Mac, bado inataka 99. Umeongeza tabaka la tatu lenye apdeti zake juu ya mawili uliyokuwa nayo, na ukirudi baada ya miezi 8 unapokelewa na wagomvi watatu badala ya wawili.

Njia ambayo naona inadharauliwa ni brauza. Apu ya wavuti, faili tatu, HTML na CSS na JavaScript, unaweka sehemu yenye hifadhi ya bure, mtu anafungua anaiweka kwenye skrini yake ya mwanzo inakaa kama apu nyingine. Ajabu ni kwamba hii ndo ilikuwa jibu la Steve Jobs, bosi wa Apple, mwaka 2007 iPhone ilipotoka, aliwaambia madevelopa watengeneze za wavuti, watu wakanuna, mwaka uliofuata App Store ikafunguliwa na apu 500. Wakati ule walikuwa na haki ya kununa, brauza haikuweza kitu. Leo inaweza kuhifadhi data, inafanya kazi bila intaneti, na tangu iOS 16.4 ya Machi 2023 hata arifa inatuma kwenye iPhone ukishaiweka skrini ya mwanzo. Ukurasa nilioandika miaka sita iliyopita unafunguka leo bila kuguswa, sijawahi kuona project ya simu inayofanya hivo.

Mipaka ipo. Ukitaka Bluetooth au NFC (ile ya kugusisha simu), Safari, brauza ya iPhone, haikupi. Ukitaka widget (kile kidirisha cha apu kwenye skrini ya mwanzo) au kitu kinachofanya kazi nyuma kwa uhakika, sahau. Na hata huku mwenye nyumba yupo, Februari 2024 Apple walitangaza kuwaondolea watu wa Umoja wa Ulaya uwezo wa kutumia apu za wavuti kwenye skrini ya mwanzo, mwanzoni mwa Machi wakarudi nyuma baada ya kupigiwa kelele. Lakini angalau faili zako zinabaki zako, zikikataliwa kwa huyu zinafunguka kwa yule.

Wanaosema chagua platform yenye maisha marefu nawaelewa, waliojifunza simu za Windows (Windows Phone) waliona Microsoft ikiacha rasmi kuzihudumia mwanzoni mwa 2020 na wa BlackBerry ya zamani huduma zikakatwa 4 Januari 2022. Mimi hilo sililii sana. Aliyeandika apu moja ya Windows Phone akaifurahia hajapoteza kitu, alikuwa anacheza. Kinachouma ni kunyang'anywa mchezo kila baada ya wiki wakati platform yenyewe iko hai na inapendeza.

Kwa hiyo mtu akinibana nimjibu haraka, namuuliza apu yenyewe inahitaji nini kwenye simu. Kama ni orodha, hesabu, fomu, kumbukumbu, mchezo wa kufikiri, aende kwenye brauza na asirudi kuniuliza. Kama inahitaji vyuma vya simu, sensa, Bluetooth, kusoma faili za simu, Android, lugha ya Kotlin, simu kwa waya, ufunguo sehemu tatu, Play Store aisahau mpaka apate hao 12. Kama yeye na watu wake wote ni wa iPhone na tayari ana Mac isiyo ya kale, basi iPhone, sababu kutengeneza apu ambayo huibebi mfukoni mwako ni njia ya uhakika ya kuiacha ndani ya mwezi, nimeshuhudia, mtu ana iPhone ananunua Android ya bei rahisi ya kutengenezea apu, inakaa droo na betri inavimba.

Yangu ya vitabu sasa hivi ni ukurasa wa wavuti, mistari kama 300, nimeigusa mara ya mwisho mwaka jana. Nimeifungua wakati naandika hapa kuhakikisha sijasema uongo, ikafunguka bila maneno, na inasema kaka yangu ana vitabu vyangu viwili.